Mpira Usiobeba Kitu

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye simu inayosoma injini, izime kwanza, hainitishi. Nasikia mnavyoitana mainjinia pale gereji za stendi. Juzi nilimwona mmoja wenu akikata mpira mwembamba juu ya injini ya watu, akautupa mtaroni, akasema, "Huu haubebi kitu." Nilitaka kumzaba kibao. Goti langu likakataa kukimbia, ndiyo pona yake. Sasa kwa kuwa kibao kimeshindikana, nitawapa hadithi, na mtaisikiliza yote.

Mimi Gwakisa nilianza kushika spana kwenye karakana ya serikali hapa hapa Tukuyu, nikapunguzwa. Mnajua kupunguzwa? Ninyi mkisikia kupunguzwa mnafikiria nywele. Siku zile soko huria lilipoingia, walikuja mabwana wenye mikoba, wakazunguka karakana wakitazama kila mtu amebeba nini. Asiyebeba kitu jina lake linaondoka. Mimi nilikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, na miguu yangu siku hiyo haikuwa imebeba kitu. Nikaenda nyumbani na mche wa sabuni na mkono wa kwaheri.

Ndipo nikaangukia kwenye gereji ya Mzee Saidi. Babu yake alikuja huku kutoka pwani na cherehani begani, wakakaa, wakazaa, na Mzee Saidi akawa anakijua Kinyakyusa kuliko mimi niliyenyonya nacho. Alikuwa mfalme wa kabureta, vile vinavyochanganya petroli na upepo, na asingekubali uambiwe na mtu mwingine. Alikuambia mwenyewe kabla hujakaa. "Gwakisa," alikuwa akisema, "kutoka hapa mpaka Mbeya kuna mafundi wengi na kuna mimi." Majivuno yake yalichosha, lakini kazi yake ilikuwa safi, na kitu cha kwanza alichonifundisha sijakiacha: gari likiletwa, weka spana chini, muulize dereva linaumwa likiwa wapi. Asikwambie linaumwa nini. Akwambie ni mlimani au tambarare, likiwa na mzigo au tupu, asubuhi au likishapata moto. Ninyi mnauliza simu. Simu haijawahi kupanda mlima wa Isongole na madumu ya maziwa.

Sasa, turbo. Neno turbo lilifika Tukuyu kabla ya turbo yenyewe. Kila kitu kilikuwa ruksa, magari yaliyotumika yanaingia kama mvua ya masika, na yote yana maandishi ubavuni. Watu wakayapenda maandishi kuliko magari. Ukipita sokoni unakuta TURBO imebandikwa kwenye mkokoteni. Unakuta kwenye baiskeli, kwenye mashine ya kusaga, kwenye mlango wa kilabu cha pombe. Bendi ya tarumbeta ya kanisa letu iliibandika kwenye ngoma kubwa, na mzee wa kanisa akaibariki bila kuuliza ni kitu gani.

Aliyekuwa akiyauza maandishi hayo, na magari yake pia, alijiita Mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini, hakuna aliyeuliza, maana alikuwa na muhuri. Gari lolote kabla ya kuliuza alikuwa na kazi aliyoiita kusafisha: anapaka rangi matairi, anasugua injini mpaka ing'ae, na chochote kinachomchafulia sura anakinyofoa. "Naondoa takataka zisizo na kazi," anasema. Alikuwa ameyasikia maneno hayo redioni, yakisemwa juu ya mashirika, akayapenda.

Huyo ndiye aliyemuuzia Mama Tusa pikapu.

Mama Tusa alikuwa mama wa kijiji cha Lupepo, mfupi, mwenye sauti ya kuvuka bonde. Pikapu aliiendesha mwenyewe. Udereva alifundishwa na kaka yake kwenye trekta, na wanaume wa Tukuyu walikuwa bado hawajamaliza kushangaa. Ilikuwa pikapu ya petroli yenye kabureta, na mbele ya kabureta kulikuwa kumefungwa turbo ya kweli, ile feni inayosukumia injini upepo, si maandishi. Aliyeifunga huko ilikotoka alikuwa fundi, Mungu amweke. Kila alfajiri Mama Tusa alipakia maziwa ya wafugaji wa Lupepo, akapanda mlima wa Isongole, akayafikisha Mbeya kwa mnunuzi, ambaye huyachemsha kidogo kwenye sufuria kabla ya kuyapokea. Yakikatika, rudi nayo.

Nyuma, katikati ya madumu, alikaa mume wake, Baba Tusa.

Baba Tusa naye alikuwa amepunguzwa, kutoka shamba moja la chai. Kazi yake huko ilikuwa kutembea. Asubuhi anapita vibanda vya mizani kule mashambani, anaangalia jani limechumwa kiasi gani, anakata njia za mkato mpaka kiwandani, anawaambia watu wa mashine: leo linakuja jingi, chocheeni, leo kidogo, punguzeni kuni. Jani lenyewe hakulibeba hata siku moja. Shamba likapata bwana mpya, na bwana mpya akamwona mtu anatembea mikono mitupu. "Huyu habebi kitu," akasema. Basi. Kiwanda kikaanza kupokea jani jingi moto umelala, na jani kidogo moto unanguruma. Chai ikatoka mara ina ladha ya moshi, mara ina ladha ya nyasi, na bwana mpya akanunua maboksi mazuri zaidi ya kuipakia. Baba Tusa akarudi Lupepo, akampa mkewe kiinua mgongo chote akanunulie gari, akanyamaza. Sisemi alikuwa mpole. Alinyamaza. Ukimwamkia "Ugonile," anaitikia "Ndaga," na hapo mmemaliza mazungumzo ya wiki nzima. Niliumia kumwona hivyo, maana tulipunguzwa mwaka mmoja.

Pikapu ikaanza ugonjwa. Tambarare inakwenda vizuri, inateremka vizuri, ikiwa tupu inakwenda vizuri mno. Ikipakiwa na kuanza kupanda Isongole, turbo inalia fiii, Mama Tusa anakanyaga mafuta, na badala ya kupata nguvu gari linapiga chafya, linakata pumzi, linasimama. Akiliacha lipumzike linawaka. Akikanyaga tena linakufa. Jua likitoka maziwa yako mlimani, na wateja wake wa kwanza ni nzi.

Mkurugenzi alimletea wataalamu. Kila mtaalamu alikaa mbele, kwenye kiti cha heshima, na Baba Tusa nyuma na madumu. Mmoja alivaa koti jeupe. Alisema petroli haitoshi, akakaza presha mpaka mwisho. Gari likaja sokoni, limesimama tu linanguruma taratibu, petroli ikafurika kwenye kabureta, moshi mweusi ukatoka, wauza ndizi wakakimbia wakaacha mikungu. Mwingine alisema petroli imezidi, akalegeza. Likafia mlimani mapema kuliko zamani. Wa tatu hakugusa injini. Alisema kuna mtu kule Lufingo anamwonea wivu Mama Tusa, atafutwe kuku mweusi. Mama Tusa alimwambia, "Baba, kuku tutakula wenyewe, wewe shuka hapa hapa." Akamshusha mlimani kwenye mvua.

Wafugaji wa Lupepo wakakaa kikao. Walimweleza Mama Tusa kwa heshima zote, yaani maneno yalikuwa makali: Jumatatu maziwa yakikatika tena, Jumanne yanapanda lori la Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa ameshaahidi kuyanunua kwa bei nzuri, ambayo angeitaja akishayapakia. Na wote walijua Mama Tusa akikosa maziwa yale hana kitu kingine, maana kiinua mgongo cha mumewe kilikuwa kimesimama pale pale juu ya matairi.

Ndipo akaja kwetu. Mwisho kabisa, kwa sababu Mkurugenzi alimwambia mafundi wa Tukuyu wanajua landrova tu. Mzee Saidi alinuna kwa hilo neno siku nzima, lakini swali aliuliza.

"Linaumwa likiwa wapi, Mama Tusa?"

"Isongole, baba. Likiwa na mzigo. Likishuka linacheka."

"Basi hapa gereji sitalifungua. Gari tupu haliwezi kusema ukweli. Nitafutie mzigo."

Ilikuwa Jumapili mchana, maziwa hakuna. Ila bendi ya tarumbeta ilikuwa inatoka ibadani, inatafuta usafiri wa kwenda kupiga kwenye sikukuu ya mavuno Isongole. Tukawapakia wote, na ngoma yao yenye TURBO. Mzee Saidi akafunga geji ya kupima presha ya petroli kwenye mpira mrefu, akaupitisha nje ya boneti, akaibandika geji kwenye kioo cha mbele kwa nje, ili aisome akiwa amekaa ndani. Kwa nje, mmenisikia? Ukiingiza geji ya petroli ndani ya gari na mpira ukapasuka, utaoga petroli, na pembeni yako kuna mtu anavuta sigara. Mzee Saidi akakaa mbele. Mimi nyuma na Baba Tusa, miguu yangu ndani ya mdomo wa lile tarumbeta kubwa la Lwitiko, kijana mwenye mashavu ya kutisha.

Tukaanza kupanda, bendi inapiga. Turbo ikalia fiii. Gari likapiga chafya, likafa. Bendi ikaendelea kidogo kwa kukosa habari.

Mzee Saidi alishuka anatabasamu, na mimi nikajua ameshaona. "Mshale haukupanda," akasema. "Turbo imelia, gari limekufa, na mshale wa petroli umesimama pale pale. Ulitakiwa kupanda." Akafungua boneti. Juu ya kile kidude kinachopunguza presha ya petroli kabla haijaingia kwenye kabureta, sisi tulikiita regyuleta, palikuwa na kipua kidogo, na kwenye kipua pamepachikwa bolti kwa gundi. Kwenye bomba la upepo juu ya kabureta kulikuwa na kipua kingine kama hicho, nacho kimezibwa.

"Hapa palikuwa na mpira," Mzee Saidi akasema. "Nani ameutoa?"

Mama Tusa akashika kichwa. "Mwe bandu! Si Mkurugenzi? Alisema ulikuwa umepasuka, unachafua injini. Akanionyesha. Akapuliza ndani yake, akasema ona, haupiti petroli, haupiti maji, haupiti oili, haubebi kitu."

Pembeni ya barabara palikuwa na kilabu cha pombe. Baridi ya Isongole mnaijua, na bendi ya kanisa ilikuwa imeshaingia humo, wenyewe walisema kuota moto. Mle ndani watu wamezunguka chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu anafyonza. Mzee Saidi pombe hagusi. Aliomba mrija mpya, mkavu, usioguswa na mdomo wa mtu, akaomba na maji safi. Akatia maji kidogo ndani ya mrija, akampa Lwitiko ncha moja na mimi ncha nyingine.

"Gwakisa, wewe ni pampu ya petroli. Unasukuma maji yaende kwa Lwitiko. Puliza kidogo tu, kama pampu yenye adabu."

Nikapuliza. Maji yakaenda.

"Lwitiko, wewe ni turbo. Mlima umefika. Puliza!"

Yarabi! Maji yote yalinirudia kooni, masikio yakaziba, nikakohoa mpaka machozi. Kilabu kizima kikacheka, na Mzee Saidi akawangoja wamalize, maana alipenda hadhira.

"Mmeona? Turbo haipulizi injini peke yake. Inapuliza mpaka ndani ya bakuli la kabureta, mahali petroli inapotakiwa kuingia. Upepo ukizidi nguvu ya pampu, petroli inabaki mlangoni. Injini inakula upepo mtupu, inachemka, ukilazimisha inatoboa pistoni. Sasa Gwakisa, puliza kwa nguvu zako zote, muda wote." Nikapuliza. Lwitiko alikuwa amepumzika, maji yakamruka usoni. "Na huyo ndiye koti jeupe. Presha kubwa wakati turbo imelala, sindano ya kabureta haiwezi kuizuia, petroli inafurika sokoni."

"Sasa tufanyeje?" Mama Tusa akauliza. "Ikiwa ndogo nafia juu, ikiwa kubwa nafia chini."

Mzee Saidi akatazama huku na huku, akamshika mkono Baba Tusa, aliyekuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake. Akamweka katikati yetu. "Wewe mtazame Lwitiko. Mashavu yake yakianza kuvimba, mfinye Gwakisa begani. Yakivimba sana, mfinye sana. Yakinywea, mwachie. Na wewe Gwakisa, ukifinywa, puliza kumzidi Lwitiko kidogo. Kidogo tu."

Tukajaribu. Lwitiko akavimbisha, Baba Tusa akafinya. Akavimbisha zaidi, Baba Tusa akafinya zaidi, na vidole vya mtu wa chai mnavijua. Lwitiko akapumzika, mkono ukalegea. Maji yalikwenda kwa Lwitiko taratibu muda wote, hayakurudi, hayakumruka. Alama za kucha zile nilikaa nazo wiki.

"Haya niambieni," Mzee Saidi akasema. "Baba Tusa amebeba maji?"

"Hapana," wakaitika.

"Amepuliza?"

"Hapana."

"Kabeba nini?"

Baba Tusa alikuwa bado amenishika bega. Akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi, "Kabeba habari."

Halafu akasema, "Basi huo mpira ni mimi."

Mama Tusa alicheka, halafu akaacha kucheka, akatoka nje akasimama kwenye mvua. Mimi nilijifanya nakohoa.

Mpira wenyewe tungeutoa wapi, Jumapili, Isongole? Mzee Saidi akautazama ule mrija mkononi mwangu. Akamwaga maji, akaukausha juu ya moto, akachomeka ncha zake kwenye vipande vya mpira wa vali ya baiskeli, tukakaza kwa waya. Upande mmoja bomba la upepo, upande mwingine kichwa cha regyuleta. Alinitia sikioni maneno haya, nami nawapa: njia ile haipitishi petroli, inapitisha upepo wa kutoa habari tu, kwa hiyo mrija mkavu utaivumilia siku mbili tatu. Njia ya petroli yenyewe ukiifunga kwa mrija, nitakuja kukuzika nikiwa nakutukana. Na mkifunga turbo kwenye kabureta, litazameni na boya ndani ya bakuli. Likiwa la shaba lenye uvungu, upepo ule unaweza kulibonyeza likazama. Wekeni lisilo na uvungu.

Tukapanda. Turbo ikalia fiii, mshale kwenye kioo ukaondoka taratibu ukafuata. Bendi ilianza wimbo chini ya mlima, na kwa baridi ile na kimpumu kile pumzi zikawaishia katikati. Gari halikuishiwa. Kanisani Isongole walitupokea kama wageni rasmi, na wimbo wa mavuno ulipigwa kwa furaha isiyo ya kawaida.

Habari ilimfikia Mkurugenzi kabla hatujateremka, ila ilimfikia nusu. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anauza mirija ya kimpumu iliyopakwa rangi ya fedha, anaiita mirija ya turbo, na watu wakaifunga kwenye magari yasiyo na turbo, na mmoja kwenye pikipiki. Wote walisema wanaona tofauti.

Lakini kabla ya hayo, Jumatatu ile alfajiri, alikuwepo Lupepo, lori lake limewashwa, anangojea kusikia maziwa yamekatika tena. Wafugaji wamesimama kwenye ukungu na madumu yao. Tukapakia. Mzee Saidi alikwenda kuswali, akaniachia kazi ya kusindikiza. Nami kwa mazoea ya wataalamu nikazunguka, nikafungua mlango wa mbele.

"Fundi, nyuma," Mama Tusa akasema. "Mbele pana mwenyewe."

Baba Tusa alikuwa ameshapandisha mguu kwenye bampa ya nyuma. Mkewe akamwita kwa jina la nyumbani, jina ambalo sitawatajia. Akashuka. Akazunguka gari, mbele ya wafugaji wote, mbele ya Mkurugenzi, akafuta viatu vyake kwenye nyasi, akaingia, akakaa. Geji ilikuwa bado imebandikwa kwenye kioo, mbele ya uso wake.

Mimi nikakaa na madumu. Tulipofika chini ya mlima Mama Tusa akabadili gia, akakanyaga. Nikasikia turbo inaanza kulia, nikalikumbatia dumu lililokuwa karibu, kwa sababu ni mrija wa pombe tu, jamani, na wafugaji wote wa Lupepo wako juu yake. Ndipo kichwa cha Baba Tusa kikatoka dirishani. Mvua inampiga usoni, ananitazama nyuma, na ile sauti iliyokuwa ikiwaambia watu wa mashine kiwandani wachochee ikarudi yote.

"Inapandaa! Fundi, inapandaa!"

Alitangaza mpaka kileleni. Presha ikishuka anasema inashuka, ikipanda anasema inapanda, na mkewe hakumwambia anyamaze hata mara moja. Mbeya mnunuzi alichemsha maziwa kwenye sufuria yake, yakatulia, hayakukatika.

Geji tuliitoa wiki iliyofuata, tulipofunga mpira wa kweli. Baba Tusa aliendelea kukaa mbele na kutangaza miaka yote iliyobaki, akiwa anatazama kioo kitupu na kuisikiliza turbo. Nilipanda naye mara nyingi, na sikumbuki siku aliyokosea.